Nani Aliandika Barua za Baba

4 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu, na kwamba cherehani yako haijaanza tena kula uzi. Mimi sijambo. Kile chumba cha juu ya duka la vioo nimekihama. Sasa nalala nyuma ya ukumbi wetu wa maigizo, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Nikilifungua, nauona ukuta vizuri zaidi.

Nina shida, na mwenye cherehani ni wewe. Mwezi wa nne tunafungua mchezo mpya. Nimeutunga mwenyewe na nauongoza mwenyewe. Nataka gauni la mama wa makamo, la kazini, mtindo wa miaka ishirini na tano iliyopita: kola ya duara, vifungo vitano vyeupe mbele, mifuko miwili mikubwa, rangi ya bluu iliyopauka kwa kufuliwa. Mfuko wa kulia uwe umeshonewa kiraka kwa ndani. Najua hakuna mtazamaji atakayekiona, lakini mimi nitajua kipo. Vipimo vya mwigizaji nimeviandika nyuma ya karatasi.

Msalimie Mama.

Mdogo wako,
Kasuku


26 Februari

Kasuku,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku tisa dukani kwa jirani kwa sababu mleta barua anamwogopa mbwa wetu, na mbwa wetu naye anamwogopa mleta barua. Shemeji yako yupo, na mashine yake ya kuchomelea imemwacha nyusi nusu. Mpwa wako ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, mpaka maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Mama anavimba miguu jioni. Asubuhi inakuwa imeshuka.

Gauni limeisha. Huyo mwigizaji wako ana mabega ya mbeba magunia, lakini nimemweza. Kitambaa nimekichemsha mara sita mpaka kikapauka. Sasa sikia. Nililitundika mlangoni nipige pasi, Mama akatoka chumbani, akasimama mbele yake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kulia, akapapasa kile kiraka.

"Gauni la nani hili?"

"La mteja, Mama."

"Mteja gani?"

"Mteja tu."

Akanitazama, akarudi chumbani. Unaona unavyonifanya? Mtu mzima mimi, nasema uongo juu ya gauni.

Ni gauni lake, Kasuku. Ndilo alilovaa miaka yote akifua mashuka ya hospitali. Umelieleza mpaka kiraka. Huo mchezo unahusu nini?

Unaniuliza kila mara kwa nini sipigi simu. Nyumba yetu kuta zake ni mbao. Mama anasikia hata nikimeza mate. Halafu kwenye simu mimi na wewe tunajua sana kusema "hatujambo". Kwa barua angalau mkono unachoka kudanganya.

Miaka kumi na miwili hujakanyaga hapa. Sikulaumu, nimehesabu tu.

Dada


19 Machi

Dada,

Shikamoo. Gauni limefika, na mwigizaji alipolivaa wenzake wote walimwamkia. Ahsante. Mwambie mpwa wangu anione mimi, nina pengo tangu mwaka juzi na sijaota jipya.

Umeuliza, nami sitakupiga chenga. Mchezo ni juu ya mama anayemwandikia mwanawe barua na kutia sahihi ya baba ambaye amekwisha kufa.

Kabla hujaitupa karatasi hii, ngoja. Nilikuwa na miaka sita mliponiambia Baba amepata kazi mbali, anatengeneza redio kwenye meli. Miaka saba napokea barua zake. "Mwanangu, soma kwa bidii." "Mwanangu, msikilize mama yako." Nilizilalia. Nilipofika kumi na tatu mkaniambia amefia huko huko, nikalia mwezi mzima. Nikiwa na kumi na tisa natafuta hati zangu za kusafiria, karani wa serikali ananikabidhi cheti cha kifo, na cheti kinasema Baba alikufa nikiwa na miaka sita. Karani anaona sura yangu, ananiuliza, "Kwani hukuwa na habari?" Nilimzika baba yangu mbele ya karani, Dada.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Mama, "Ni wewe uliyeziandika?" Akajibu, "Ndiyo, ni mimi." Wewe ulikuwa umekaa kwenye cherehani, ulikuwepo.

Mwigizaji wangu amenisumbua mazoezini. Ananiuliza, "Huyu mama anaficha nini?" Nimemwambia hafichi kitu, ni mwongo tu. Anasema mtu hawi mwongo tu, na mimi nimemwambia acheze kama nilivyoandika.

Usimwambie Mama.

Kasuku


2 Aprili

Kasuku,

Hatujambo wote.

Nakuomba ubadilishe. Huyo mama wa kwenye mchezo mpe kosa jingine lolote. Mfanye mlevi, mfanye mchawi, nitakushonea hata gauni la kichawi bure. Barua zitoe.

Kuna mambo huyajui. Usiniulize ni yapi, kwa sababu si yangu peke yangu.

Dada


3 Mei

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Tumefungua, na sijui nianzie wapi. Ukumbi unajaa. Watu wanasimama hata ngazini. Kuna sehemu ambapo mama anakaa mezani, anafanya mazoezi ya kuandika kama mwanaume, anatoa ulimi, anafuta, anaandika tena, kisha anambusu stempu kabla ya kuibandika. Hapo watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Halafu mtoto anaingia, anaipokea barua, na vicheko vinakatika. Gazeti limeandika juu yetu, nimekuwekea kipande humu. Tumeongezewa wiki tano, na Jumamosi tunacheza pia alasiri.

Barua yako iliniudhi. "Kuna mambo huyajui." Hiyo ndiyo nyumba yetu nzima katika sentensi moja. Kama yapo, yaseme. Kama huwezi kuyasema, basi usinizuie kusema ninayoyajua. Nimekulia kwenye nyumba ambayo watu wote wanajua kitu ila mimi. Sasa watu mia mbili kila siku wanajua nijuacho mimi, na nasikia nafuu. Ndiyo, nafuu.

Mpwa wangu hajambo?

Kasuku


30 Juni

Kasuku,

Nimechelewa kujibu, sare za shule zimenikalia kooni, jozi themanini na mkono mmoja. Mvua imetoboa bati juu ya jiko. Shemeji yako amepanda kuziba, akatoboa tundu la pili. Mpwa wako ameota jino moja, limekaa upande.

Kipande cha gazeti kilifika. Hongera.

Mama hajambo.

Dada


22 Julai

Dada,

Shikamoo. Leo sitauliza hali ya bati.

Msichana anayekata tiketi mlangoni kwetu amenisimulia jambo jana, kama kichekesho. Anasema Jumamosi moja ya mwezi wa tano, onyesho la alasiri, alikuja mama mtu mzima, viatu vya heshima, miguu imevimba juu ya viatu. Alikuwa na mkoba anaukumbatia. Akakaa mstari wa mwisho. Watu walipotoka yeye akabaki. Akauliza, "Aliyetunga yupo?" Wakamwambia nimetoka kula. Akasema, "Basi ale." Kisha akaomba aonyeshwe gauni. Mwigizaji akatoka nalo, bado amelivaa. Yule mama akaingiza mkono mfuko wa kulia. Akamwambia mwigizaji, "Limeshonwa vizuri," akaondoka.

Nilikuwa mgahawani ng'ambo ya barabara, Dada. Pengine nilimwona akipita. Nilikuwa nimekaa dirishani na chai mbele yangu.

Nijibu kwa neno moja. Alikuwa Mama?

Kasuku


9 Agosti

Kasuku,

Ndiyo.

Nimeanza barua hii mara nne. Mpwa wako ndiye aliyemsomea bibi yake kile kipande cha gazeti, kwa sauti, kila neno, mimi nikiwa sokoni. Hakujua. Wiki hiyo hiyo Mama akaniambia anakwenda kwa Mama Mdogo siku tatu. Nikampigia pasi gauni lake la kutokea. Aliporudi alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Nimekwenda kumwona Kasuku."

"Mkaonana?"

"Mimi nimemwona. Alikuwa anakula, sikutaka kumkatiza."

Nikakaa sakafuni nimvue viatu. Akasema, "Watu walicheka nilipokuwa naandika barua. Na mimi nikacheka, wasije wakanitambua."

Tangu siku hiyo hajatoka nje ya kitanda isipokuwa kwenda hospitali. Daktari anasema moyo umechoka, maji yanapanda kutoka miguuni. Mwezi wa sita nilikuandikia kwamba hajambo. Aliniagiza niandike hivyo, na mimi ni hodari wa kuandika ninachoagizwa na hata nisichoagizwa. Sasa soma taratibu.

Mama hakuandika barua hata moja. Umesahau alivyokuwa akiandika? Jina lake mwenyewe lilimchukua dakika nzima, na herufi zilikuwa zinapanda mlima. Hukuwahi kujiuliza?

Niliandika mimi.

Ulikuwa wodini na homa ya uti wa mgongo. Baba aligongwa na lori akitoka kazini. Siku ya pili baada ya kumzika homa ikakuachia, ukafumbua macho ukaniuliza, "Baba yuko wapi?" Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikakuambia, "Amesafiri." Nilidhani ni uongo wa siku moja. Kisha ukakataa dawa, unasema utakunywa Baba akirudi. Nikatoka nje, nikachana karatasi kwenye daftari langu la shule, nikaandika kwa kuiga mwandiko wa Baba: "Mwanangu, kunywa dawa." Ukanywa. Ukanywa yote, Kasuku, na uchungu wake. Ungefanyaje wewe?

Mama alitaka kukuambia ulipotoka hospitali. Nikampigia magoti. Alitaka ulipofikisha saba, ulipofikisha kumi. Kila mara mimi ndiye niliyesema bado kidogo. Nilikuwa nimezoea kuwa Baba.

Na ile siku ulipokuja na cheti, ulipouliza, "Ni wewe?", mimi nilifungua mdomo. Mama akawahi. Ulipoondoka nikamwambia nitakufuata kituoni nikueleze. Akanishika mkono akasema, "Ukimwambia ni wewe, atabaki na nani? Aliyekosana na mama yake bado anaweza kumwandikia dada yake." Na kweli ukaniandikia. Miaka kumi na miwili nimezipokea barua zako, yeye akiwa upande wa pili wa mbao, na jioni ananiuliza, "Anasemaje?" Namsomea, isipokuwa hizi za mchezo. Pale unapoandika "msalimie Mama" ananiambia nirudie.

Njoo. Usiandike, njoo.

Dada


12 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi liliharibika mara moja tu. Mpwa wangu alinipa jino lake nilichukue, nimeliweka kwenye kibweta.

Nakuandikia kwa sababu nilikaa nyumbani siku kumi na moja na hatukusema kitu. Tisa Mama akiwa hai. Siku tisa, Dada! Nilikuja njia nzima nimejipanga, nimeandika hata maneno ya kuanzia, kwani si ndiyo kazi yangu, kuwaandikia watu maneno ya kusema? Nikaingia chumbani. Akanitazama toka miguuni hadi kichwani.

"Umekonda. Umekula?"

"Nimekula njiani."

"Njiani hakuna chakula."

Basi. Nikala. Siku ya pili akasema, "Mchezo wako nimeuona. Mzuri." Nikasema sasa ndiyo sasa. Akaendelea, "Ila yule mama anapaza sauti mno. Mtu mwenye siri hapazi sauti." Nikajibu, "Nitamwambia apunguze." Hilo ndilo jibu nililompa mama yangu. Kisha tukazungumza habari za bati. Mimi na wewe na yeye, siku tisa, bati. Nikapanda kuziba, naye akawa ananielekeza kutoka kitandani tundu liliko, kwa kusikia nyayo zangu. Alicheka nilipokosea. Nilifurahi kama mtoto, na nikaahirisha. Kila siku niliona kesho ipo.

Asubuhi ile uliponiita nilijua kwa namna ulivyoita. Uliniita jina langu la shuleni, si Kasuku.

Mchezo nimeufunga. Wenzangu walitaka tuupeleke miji mingine. Nimewakalisha jukwaani nikawaeleza yote, na mwigizaji wa mama akaondoka bila kuniaga. Alirudi baadaye na gauni limekunjwa, akaniambia, "Nilikuuliza anaficha nini."

Wewe sijui nikukasirikie vipi. Nimejaribu. Nikifika pale unapochana daftari, hasira inakwisha, halafu inaanza upya nikikumbuka unavyosukuma pedali ya cherehani wakati Mama anasema "ni mimi". Niache nikae nayo hivyo hivyo, itapanda na kushuka.

Lakini nina swali, na safari hii nijibu. Nimekitoa cheti cha Baba nikakisoma chote, nilikuwa sijawahi kupita tarehe. Umeandika kwamba aligongwa akitoka kazini. Cheti kinasema mbele ya lango la hospitali, saa tisa na nusu mchana. Karakana yake ya redio ilikuwa upande mwingine wa mji, na saa hiyo hakuwa anafunga. Alikuwa anakuja kwangu. Alikuwa anakuja kufanya nini, na kwa nini hata katika barua ile ya kuniambia ukweli bado uliniandikia uongo?

Kasuku


28 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi tupo. Kitanda cha Mama nimekisogeza dirishani na sasa mpwa wako analala hapo. Alikataa siku mbili, ya tatu akakubali. Nyumba imekuwa na nafasi, na siipendi nafasi yenyewe. Nilipopata barua yako nilijikuta naisoma kwa sauti, nikaendelea mpaka mwisho kabla ya kukumbuka hakuna anayesikiliza.

Umeniuliza kwa nini niliandika uongo. Mama aliniapisha. Si juu ya barua, zile hakuzijali sana. Juu ya jambo hili moja. Hata wiki ile ya mwisho, wewe ukiwa juu ya bati, aliniita karibu akasema, "Mengine mwambie ukitaka, lakini hilo usimwambie." Alikubali uite uongo wake uongo, alikubali watu mia mbili wamcheke, ili usije ukaulizia saa tisa na nusu. Sasa umeulizia mwenyewe, na mimi nimechoka kukulinda kwa kukuumiza. Anisamehe huko aliko.

Ulikuwa siku ya tano wodini, na kwa siku tatu ulikuwa husemi. Macho wazi, mdomo umefungwa. Daktari alishatuambia kwamba huenda ukapona na usiseme tena, au usisikie. Mama alikuwa amepewa ruhusa kukaa nawe, Baba alikuwa anakuja na kuondoka, mimi nilikuwa nimekaa miguuni pako. Saa nane na kitu ukageuza kichwa. Ukasema, "Baba, redio."

Ulitaka ile ndogo ya kijani, aliyokuwa akikuwekea karakanani usikilize mchezo wa watoto. Ulikuwa unaanza saa kumi. Mama akamwambia, "Utaileta kesho, mtoto hatakwenda popote." Baba akasema, "Mama, amesema! Siku tatu, na leo amesema, halafu nimwambie kesho?"

Aliifuata. Alikwenda na kurudi mbio, mji mzima. Walioona walisema alivuka barabara huku ameiinua juu ya kichwa, ili sisi tulioko dirishani tuione kwamba imepatikana. Mimi nilikuwa dirishani.

Najua utafanya nini na habari hii. Nakujua tangu uko tumboni. Utakaa mbele ya dirisha lako la ukuta na utasema ni wewe. Mama alilijua hilo, ndiyo maana alikufa nalo. Kwa hiyo kabla hujasema, kumbuka kwamba mimi nilikuwepo na wewe ulikuwa na homa, kwa hiyo shahidi ni mimi. Hukumtuma Baba. Mtoto mgonjwa aliomba redio. Ungeomba maji angefuata maji, na angekimbia vile vile.

Na kuna kitu sijawahi kumsimulia mtu, hata Mama, kwa kuwa yeye alikuwa amekuinamia wewe hakuona. Baba alipotoka wodini alipita mbele yangu. Alisimama mlangoni, akageuka, akakutazama. Alikuwa analia na anacheka kwa pamoja, kamasi zimemtoka, hajali. Akanishika kichwa kwa mikono miwili akaniambia, "Umesikia? Sauti yake ni ile ile." Kisha nikasikia viatu vyake vikishuka ngazi, haraka haraka, na alikuwa bado anacheka.

Dada yako